Hoteli ya Malkia wa Shaba katika Mji wa Bisbee

Mji wa Bisbee umo katika milima iitwayo Mule, kusini mwa Arizona, Marekani, karibu na mpaka wa Mexico. Madini yaligunduliwa huko mwaka wa 1877, na mji ukaanzishwa 1880. Mgodi uliokuwa mashuhuri kupita yote uliitwa Copper Queen, yaani Malkia wa Shaba, na hoteli kubwa ya mji ikapewa jina hilohilo.

Hoteli hiyo haikujengwa na mfanyi biashara atafutaye faida ya vyumba. Iliyoijenga ni kampuni ya Phelps Dodge, iliyomiliki mgodi. Kazi ilianza 1898, na mwaka wa 1902 milango ikafunguliwa. Kampuni ilitaka mahali pa kuwalaza wakubwa wake, wenye mitaji na wageni wa heshima. Wachimbaji wao walikaa katika vijumba vilivyopandana juu ya magenge ya bonde lile jembamba. Moto wa Oktoba 1908 uliteketeza sehemu kubwa ya mtaa wa biashara, bali hoteli ilisalimika.

Basi neno mgeni lilikuwa na maana mbili katika Bisbee. Apitaye kwa siku mbili akilala hotelini aliitwa mgeni, naye alikirimiwa. Mchimbaji aliyezaliwa Mexico au Ulaya, ingawa alikuwa na nyumba na watoto mjini, naye aliitwa mgeni, lakini kwa kushukiwa. Maana hii ya pili ilidhihirika mwaka wa 1917. Mwishoni mwa Juni wachimbaji waligoma, wakidai ujira bora na usalama kazini. Alfajiri ya tarehe 12 Julai sherifu Harry Wheeler, pamoja na watu wapatao 2,000 wenye silaha, aliwakamata wagomaji na wengine waliodhaniwa kuwaunga mkono. Watu 1,186 walipakiwa katika mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa jangwani New Mexico, wakakatazwa kurudi.

Tume iliyowekwa na Rais Wilson ilisema kuwa tendo hilo halikuwa halali. Hata hivyo, mwaka wa 1920 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shauri hilo ni la jimbo, si la serikali ya shirikisho. Na mahakama ya jimbo nayo haikumtia hatiani mtu yeyote.

Shimo kubwa la wazi liliachwa 1974, na uchimbaji wa chini ya ardhi ukakoma 1975. Mwaka uliofuata mgodi wa zamani ulifunguliwa kwa watazamaji. Hoteli ingali ikipokea watu, na mji uliowafukuza wakazi wake kwa kuwaita wageni sasa hutegemea wageni kwa riziki yake. Aandikaye habari za nyumba hiyo hana budi kuwahesabu pia wale 1,186, ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lake la wageni.