Balozi Alikuwa na Uso

Tukizungumzia kufuatiliwa siku hizi, watu hukimbilia kamera na simu, kana kwamba zamani Mtanzania aliishi bila kuonwa. Si kweli. TANU ilianzisha ubalozi wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, na tangu hapo kuna mtu aliyejua nani kalala kwako jana.

Nimekulia Chekereni, kwenye mpunga, chini ya mji wa Moshi. Ukipata mgeni unamwambia balozi. Ukitaka barua ya utambulisho unaanzia kwake. Wazee wanakumbuka sukari ya mgao ikigawiwa kwa orodha yake. Na mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto chini ya Sokoine, watu walitupa bidhaa mitoni na porini wakihofia jirani atasema. Kwa hiyo tusiupambe ubalozi. Lilikuwa jicho, tena kali.

Ila na sisi tulimwona balozi. Tulijua anadaiwa wapi, na usiku gani amefungulia maji ya mfereji shambani kwake wakati zamu si yake. Akizidisha umbea, anasemwa waziwazi kilabuni.

Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Tuligombania foleni, mtandao, namba ambayo haijatoka. Kidole chenyewe kinakwenda kwa nani? Hilo halikuulizwa sana, hata na sisi waandishi. Na kwetu lina uzito wa pekee: zamani mtoa habari alinunua laini mtaani, akanipigia, akaitupa. Leo akinipigia, jina lake limetangulia.

Nadhani lugha nayo inatuponza. Faragha tunaiita siri, halafu anakuja mtu na swali lake: kama huna la kuficha unaogopa nini? Ibara ya 16 ya Katiba haisemi siri. Inataja heshima na hifadhi ya nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia, unyumba, na mawasiliano yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaniruhusu kumwuliza anayeshika taarifa zangu anazo zipi na anazifanyia nini, na kudai azirekebishe zikiwa na makosa. Yaani nami nimchungulie, kama tulivyomchungulia balozi. Haki hiyo ipo. Kwa balozi tulikwenda kwa miguu, hata usiku. Chekereni bado sijakutana na mtu aliyewahi kuandika barua ya namna hiyo.