Mukuba kwenye ngozi: kutoka makaburi ya Sanga hadi chupa za maji ya buluu

Chupa ni ndogo, mililita 30, na maji yaliyo ndani ni ya buluu. Kwenye karatasi yake imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza kwamba ina peptidi za shaba, kwamba inarudisha ujana wa ngozi, inafunga makovu na kuotesha nywele pale zilipokatika. Inatangazwa kwenye simu kwa picha mbili, ya kwanza uso wenye mabaka, ya pili uso unaong'aa. Wasichana wa Katuba na wa Kampemba wanaiulizia, na mama aliyekimbia vita na kufika mjini na kovu la moto mkononi anaiulizia pia, yeye kwa sababu nyingine.

Rangi ile ya buluu haimshangazi mtu wa Katanga. Ni shaba, ile ambayo hapa inaitwa mukuba. Na habari ya mukuba na mwili wa binadamu haikuanzia kwenye kiwanda cha vipodozi. Ilianza zamani sana, upande wa kaskazini wa nchi hii.

Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, watu wa kale walizika wafu wao kwenye mchanga wa ufukweni. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba hapo, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea. Walikuta makaburi mengi yenye vyungu vizuri, na pamoja na vyungu, shaba: mikufu shingoni, bangili mikononi na miguuni, minyororo myembamba iliyosukwa kwa ustadi mkubwa. Hata watoto walizikwa na mapambo. Makaburi yenye utajiri zaidi yana umri wa karibu miaka elfu moja. Tena bonde la Upemba halina mawe ya shaba. Shaba ile ilitoka kusini, mamia ya kilomita, kwenye vilima hivi hivi ambavyo leo vina migodi.

Ile misalaba midogo ya shaba ambayo watu wengi wanaijua kama pesa ya wazee ilifika nyuma. Katika makaburi ya zamani zaidi shaba ni pambo la mwili, na katika yale ya karne zilizofuata ndipo misalaba inaonekana kwa wingi, mingine imewekwa karibu na mikono ya maiti. Yaani mukuba ulivaliwa kwanza, ndipo ukahesabiwa. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu, na mwaka uliofuata msalaba huo ukawekwa kwenye sarafu; lakini hiyo ni historia ya wanasiasa, na imeshasimuliwa mara nyingi.

Nywele nazo zilikuwa na madini yake. Waluba walijulikana kwa misuko mikubwa iliyochukua saa nyingi, na walichomeka humo pini za chuma zenye umbo la fuawe la mhunzi. Mhunzi alikuwa mtu wa siri na nguvu. Kubeba fuawe yake kichwani, hata ikiwa ndogo kama kidole, hakukuwa urembo mtupu.

Waliotoa shaba ardhini waliitwa walaji wa shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926, wakati kazi yao ilikuwa imeshakufa na wazee wachache tu ndio waliokuwa wanaikumbuka. Kiangazi, mavuno yakiisha, watu walihama na kwenda kupiga kambi karibu na vilima. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu juu ya ardhi. Wanaume walishuka mashimoni. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukapewa makaa na viriba, na kazi ilikuwa na miiko yake mingi. Vilima vyenyewe vilijulikana kwa majani: miti haioti juu ya shaba nyingi, bali huota ua dogo ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Hata leo wachimbaji wa mambo ya kale wanalitafuta ua hilo ili kujua wahunzi walikuwa wapi. Wayeke wa M'siri, pale Bunkeya, wakajulikana kwa kuvuta shaba iwe waya mwembamba na kuizungusha iwe bangili. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na wajumbe wa Leopold II, na muda si mrefu tanuri za walaji wa shaba zikapoa.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika mwaka 1910, mji ukazaliwa kwa jina la Élisabethville, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kando ya mto Lubumbashi. Kuanzia hapo mukuba haukuvaliwa tena na watu wa hapa. Uliondoka kwa treni, na kilichobaki kikawa moshi. Bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa takataka zake vikawa alama ya mji. Upepo ulipeleka moshi upande mmoja, na huko Penga Penga miti ikafa, udongo ukabaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, wamehangaika kuotesha nyasi pale, na ile iliyovumilia ni nyasi fupi ya vilima vya shaba iitwayo Microchloa kunthii. Tanuri kubwa la Gécamines lilizimwa mwaka 1993, baada ya kampuni kuanguka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa hapa na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi kupita kawaida, na madini mengine pamoja nayo.

Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akiambiwa mukuba ni dawa ya ngozi, ana haki ya kucheka kidogo.

Lakini asicheke sana. Mwili unahitaji shaba, ila kiasi kidogo: mtu mzima ana kama miligramu 100 tu mwilini mwake mwote, na kila siku anahitaji karibu miligramu moja, ambayo anaipata kwenye maharage, karanga, kapenta na maini bila kuitafuta. Jinsi sayansi ilivyogundua kazi yake inapitia kwenye zizi la kondoo. Mwaka 1962, kule Marekani, daktari John Menkes alieleza ugonjwa wa watoto wa kiume ambao nywele zao zilikuwa ngumu, zimepindika, zisizo na rangi, na walikufa wakiwa wadogo. Hakuna aliyejua sababu. Miaka 10 baadaye, David Danks wa Melbourne aliangalia nywele za watoto kama hao akakumbuka kitu ambacho kila mfugaji wa Australia alikijua: kondoo wanaolishwa kwenye ardhi isiyo na shaba, sufu yao inakuwa hivyo hivyo. Akapima damu ya watoto. Shaba ilikuwa chini sana, kwa sababu miili yao ilishindwa kuipitisha kutoka tumboni.

Tangu hapo kazi za shaba zilieleweka vizuri zaidi. Kuna kimeng'enya kinachofunga nyuzi za ngozi zishikamane, zisilegee. Hakifanyi kazi bila shaba. Kuna kingine, tairosinesi, kinachotengeneza rangi nyeusi ya ngozi na nywele, na katikati yake kuna atomu mbili za shaba. Bila atomu hizo mbili weusi hautengenezwi. Weusi wa mtu wa Katanga, na wa mtu wa Kivu, na wa mtu wa Kasai, unapikwa na mukuba.

Hapo ndipo chupa ya buluu inapoingia. Mwaka 1973 Loren Pickart, akiwa California, alikuta katika damu ya binadamu kipande kidogo sana cha protini, chembe tatu tu zilizoungana, glisini, histidini na lisini, ambacho kilifanya seli za ini la mzee zitende kazi kama za kijana. Baadaye ikaonekana kwamba kipande hicho kinapenda kushika shaba na kutembea nayo. Kwa vipimo vyake, kijana wa miaka 20 anacho kwa wingi kuliko mtu wa miaka 60, mara mbili na zaidi. Mwaka 1988 François-Xavier Maquart na wenzake wa Reims, Ufaransa, walionyesha kwamba ukikiweka kwenye seli za ngozi ndani ya maabara, zinatengeneza kolajeni zaidi. Wauza vipodozi walisikia, na chupa zikafuata.

Hayo ni kweli. Shida ni umbali kati ya maabara na kovu la mama. Seli ndani ya kisahani si uso. Majaribio kwa watu ni machache na madogo, mengi juu ya mikunjo ya uzee, na matokeo yake ni ya kiasi: ngozi inaweza kuwa laini na kukaza kidogo baada ya wiki nyingi za kupaka. Kovu la zamani la moto halifutiki kwa hiyo. Kidonda kibichi kinataka maji safi, sabuni, bendeji na muuguzi.

Kwa nywele, ahadi ni kubwa zaidi na uthibitisho ni mdogo zaidi. Katika Lubumbashi, mama au msichana anayepoteza nywele kwenye paji la uso na juu ya masikio, mara nyingi ni kwa sababu ya kusukwa kwa nguvu na meshi nzito, miaka na miaka, tena kuanzia utotoni. Shina la nywele linavutwa mpaka linachoka. Likiachwa mapema, likasukwa kwa kulegezwa, nywele zinarudi. Likishakufa na ngozi ikawa laini inayong'aa, hakuna maji ya buluu yatakayolifufua. Msukaji mwenye huruma anajua mkono wake ulegee wapi, na mteja akilia kichwa kinauma asiambiwe avumilie kwa ajili ya urembo.

Sasa kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo zito kuliko yote. Kwenye meza hiyo hiyo yenye chupa ya shaba kuna mafuta ya kung'arisha, yale ya kutoa weusi. Mengi ya mafuta hayo yanafanya kazi kwa kuizuia tairosinesi, yaani kuuzuia mukuba usifanye kazi yake. Asidi ya kojiki inaikamata ile shaba ndani ya kimeng'enya na kuifunga. Haidrokwinoni inapita njia nyingine, lakini inapigana na kimeng'enya hicho hicho. Ukoo wake ulijulikana kwa bahati mbaya: mwaka 1939 iliripotiwa kwamba wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi Marekani walipoteza rangi ya mikono yao kwa sababu ya dawa iliyokuwa kwenye glavu za mpira. Badala ya kuogopa, watu wakaona biashara. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini akaeleza mabaka ya buluu-nyeusi mashavuni mwa wanawake waliopaka haidrokwinoni miaka mingi; nchi ile ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya ikafuata mwaka 2001.

Mwanamke ananunua basi vyote viwili kwa pesa ile moja ya wiki. Hiki kinampa ngozi shaba, kile kinaifunga ile aliyo nayo.

Kwa familia zinazoishi kwa kubanana, kama zile zilizokimbia Mitwaba na Manono miaka iliyopita au zile zinazotoka Kivu sasa, hatari iko karibu zaidi. Mafuta mengine ya kung'arisha yana dawa kali za steroidi, kama klobetasoli. Zinafanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona. Tena zinaficha upele: mwasho unatulia siku chache, mdudu anaendelea kuchimba, na nyumba nzima inaambukizwa. Upele unatibiwa kwa benzili benzoati au pemetrini, wote wa nyumba siku moja, na nguo na matandiko yakafuliwa kwa maji ya moto. Hakuna serumu inayofanya kazi hiyo. Wala mtu asisage malakiti au kuchanganya chumvi ya buluu ya shaba nyumbani akadhani ametengeneza peptidi. Chumvi ile inaunguza ngozi na macho, na ikimezwa ni sumu.

Imebaki hesabu ya bei. Chupa ya mililita 30 yenye asilimia moja ya peptidi hiyo ina miligramu 300 za peptidi, na ndani yake shaba ni kama miligramu 47. Ikihesabiwa kwa dola 10 kwa kilo, shaba hiyo haifiki hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya dola, kama franka moja hivi, pesa ambayo sokoni Kenya hainunui hata punje ya karanga. Msalaba mmoja wa wazee, wenye uzito wa kilo moja, ungetosha kutia rangi ya buluu chupa zaidi ya 20,000.