Santuri za Ukumbusho

Vijana wakizungumza juu ya mwanamuziki hupenda kuuliza ana albamu ngapi. Swali hilo ukiliuliza juu ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka hupati jibu la maana, ingawa wazee wa hapa Kiberege wanaweza kukutajia nyimbo zake kumi bila kupumua. Sababu yake inafaa kuelezwa, kwani inagusa haki ya marehemu.

Sisi wa bonde la Kilombero tulimhesabu Mbaraka kuwa wetu, maana mkoa ni mmoja. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa yeye, naye akajiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi hiyo ya mkoani ilikwenda Japani kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika ng'ambo.

Enzi hizo wimbo ulikomaa ukumbini. Mtunzi alileta maneno, wapiga magitaa wakayatafutia sauti mazoezini, na wachezaji wakauhukumu Jumamosi usiku. Uliopendwa ulipelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko maneno yalikaguliwa kwanza, kisha bendi ikapiga na kuimba kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo.

Kiwanda cha kuchapa santuri hapa nchini hakikuwapo, hivyo aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Santuri zenyewe zilikuwa ndogo, kila upande dakika chache tu, na aghalabu wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno yaliyoimbwa taratibu, upande wa pili magitaa yakichemka. Mwenye gramafoni aliinuka kuigeuza huku wenzake wakingoja katikati ya dansi. Wengi wetu huku bondeni hatukuwa na gramafoni. Tulisikia redioni, kwa betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu za jioni moja zaidi.

Mwaka 1973 Mbaraka alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Zama hizo bendi nyingi zilikuwa chini ya vyombo vikubwa: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya Jeshi la Polisi. Vyombo vya muziki vilikuwa vya mwajiri, na mwanamuziki alipokea mshahara. Kujitegemea kulimaanisha kuishi kwa viingilio vya mlangoni na mauzo ya santuri. Super Volcano ilisafiri na kurekodi Kenya, na wimbo wa "Shida" ukapendwa pande zote mbili za mpaka. Januari 1979 Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Baada ya kifo hicho ndipo zilipotoka santuri ndefu za mfululizo ulioitwa "Ukumbusho". Nyimbo za miaka mbalimbali zilipangwa foleni na watu wengine. Nawashukuru, kwani wamewafikishia wasiomwona. Hata hivyo, anayezisikiliza akidhani kwamba mpangilio ule ni wa Mbaraka mwenyewe anamkosea. Yeye alitunga wimbo mmoja mmoja, kadiri maisha yalivyomletea: msiba, penzi, safari, dhiki ya fedha. Na zile alizorekodi redioni zilibaki katika kanda za Radio Tanzania, ambazo leo zimo mikononi mwa TBC. COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, kilitokana na sheria ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya yeye kuzikwa.

Nadhani heshima tunayoweza kumpa sasa ni kuuliza kila wimbo ulitungwa lini, kwa ajili ya jambo gani, na nani walisimama nyuma yake na besi na gitaa la pili. Hao wa nyuma ndio wanaosahaulika haraka, na wanaowakumbuka kwa majina wanapungua kila mwaka.