Hamnazo

Stejini Moi's Bridge, dai chenji ya nauli ya Kitale uone: makanga anayakodolea macho malori ya mahindi kana kwamba hakusikia. Anajitia hamnazo. Hiyo "zo" ni akili. Kichwani humo hamna.

Usemi huu unamkaa Hamlet wa Shakespeare, anayejitia wazimu ili amchunguze ami yake aliyemuua mfalme. Ophelia, mpenzi wake, hajitii. Baba yake ameuawa, tena na Hamlet huyohuyo. Akili zinamruka kweli, anaimba, anagawa maua, anakufa maji. Yeye ni hamnazo tupu, bila kitenzi. Ila Hamlet anapozungumza na mzuka wa mfalme huyo chumbani kwa mamake, na mama hauoni, mimi hiyo "kujitia" naitilia shaka.