ALIVUNJIKA MAPAJA AKINYANYULIWA NA MUMEWE: KISA CHA LONDON KINACHOTUHUSU HATA SISI WA BUHEMBA

Leo mastaa wapumzike, tuongelee mifupa.

Huku Buhemba mtu akilalamika mgongo, jibu liko tayari: "Machimbo hayo." Ukibeba viroba vya mawe ya dhahabu tangu ujana, kiuno lazima kidai chake. Mara nyingi ni kweli. Ila kuna maumivu ambayo siyo kazi wala uzee. Ni saratani ya uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Wataalamu wanaiita mayeloma, na inakula mfupa kutokea ndani.

Mmoja wa wagonjwa wa kwanza kabisa kuandikwa na madaktari ni mama wa London, Sarah Newbury, miaka 39. Alianza na maumivu ya mifupa. Siku moja mumewe kamnyanyua ampeleke kitandani, mapaja yote mawili yakavunjika! Aprili 1844 akalazwa hospitali ya St Thomas'. Wakampa mvinyo na afyuni. Siku chache tu, akafariki.

Jina la St Thomas' sisi watu wa Mara tunalijua. Ndipo alipofia Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999, kwa lukemia, saratani nyingine ya damu, kisha akarudishwa kuzikwa hapo jirani Butiama.

Sasa hivi mambo yamebadilika. Mfupa uliovunjika unapasuliwa, unawekewa chuma, mtu anasimama tena kwa magongo na mazoezi. Lakini jamani, chuma hakitibu uloto. Dawa lazima ziendelee. Wengine wanapandikizwa uloto: wanavunwa seli zao wenyewe, wanapewa dawa kali ya kuua saratani, halafu wanarudishiwa seli zao kwa dripu. Hakuna kisu hapo. Mtihani ni wiki zinazofuata, kinga iko chini, homa ndogo tu ni hatari. Kwa wengi ugonjwa hauishi moja kwa moja, ila miaka inaongezeka. Na siyo lazima London tena, Muhimbili walianza kupandikiza 2021.

Kwa hiyo bibi akilia mgongo miezi na miezi, anachoka, damu inapungua, usimnunulie diklofenaki kila siku. Inaweza kuumiza figo, na ugonjwa huu nao unazishambulia figo hizohizo. Mpeleke akapimwe damu, mkojo na picha.

Kwenu mgongo ukiuma mnasema ni nini? Dondosha komenti.