Timu za Haki kwa Vijana (Uingereza na Wales)

Timu za haki kwa vijana ni vitengo vya serikali za mitaa vinavyoshughulikia watoto wa miaka 10 hadi 17 waliotenda kosa la jinai au wanaoelekea huko. Zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, inayotaja kuzuia watoto wasitende makosa kuwa lengo kuu la mfumo mzima. Kila timu lazima iwe na ofisa ustawi wa jamii, polisi, ofisa wa uangalizi wa wakosaji na wawakilishi wa afya na elimu. Jambo la busara, kwani mtoto anayeiba mara nyingi ndiye yule yule aliyeacha shule.

Mtoto anayekiri kosa lake la kwanza mahakamani kwa kawaida hupelekwa mbele ya jopo. Wakazi wawili wa kujitolea na mtumishi wa timu huketi naye pamoja na mzazi. Aliyekosewa anaweza kualikwa aeleze alivyoumizwa. Huandikiana mkataba wa miezi 3 hadi 12: kuomba radhi, kutengeneza alichoharibu, kurudi darasani.

Miaka 10 ni umri mdogo mno kumshtaki mtu. Scotland, yenye mfumo wake, imeupandisha hadi 12.