UZI: "Vijana watengeneze programu za simu." Ahadi hii imetoka wapi, na tuiulize maswali gani?

1/ Wadau, suala la leo ni sentensi ambayo ukiwa Maua, Nkubu, Runyenjes ama Siakago utaisikia karibu kila mkutano wa siasa: "Vijana wajifunze kutengeneza programu za simu, kazi ziko mtandaoni." Upande mmoja unapiga makofi. Upande wa pili unasema hiyo ni hewa ya kampeni. Kama kawaida ya hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunapitia historia, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

2/ Niweke hoja mapema ndio usichoke njiani. Ukifuata historia ya simu Kenya, kila wimbi kubwa lilianza pale gharama ama kizuizi fulani kilipoondolewa. Bidii ya vijana ilikuwepo kabla na baada, lakini ilizaa matunda ilipokuta mlango umefunguliwa. Na mara nyingi mwenye funguo alikuwa serikali, mdhibiti ama kampuni kubwa. Kwa hivyo "jifunzeni" ni nusu tu ya sentensi.

3/ Twende 1999. Kabla ya hapo simu ilikuwa mali ya shirika moja la umma, KPTC. Kupata laini nyumbani ilikuwa kazi ya kujiandikisha na kungoja, na vijijini wengi hawakujaribu hata. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyovunja huo ukiritimba: 1999 KPTC ikagawanywa kuwa Telkom Kenya, Posta na mdhibiti, ambaye leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell (leo Airtel) wakaanza kushindania wateja. Ushindani ulianza kwa kalamu ya wabunge.

4/ Halafu ikaja M-PESA, Machi 2007. Watu husema ni ubunifu wa soko huria. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Majaribio yalianza 2005 Nairobi na Thika, yakisaidiwa na ruzuku ya pesa za umma kutoka Uingereza, na lengo la kwanza lilikuwa watu walipe mikopo midogo. Watumiaji wenyewe wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana pesa. Benki Kuu ikaruhusu huduma ianze hata kabla ya kuwa na sheria maalum. Mwishoni mwa 2008 benki zikalalamika, Wizara ya Fedha ikaagiza ukaguzi, na huduma ikaendelea. Fikiria kama mdhibiti angesema "ngojeni kwanza sheria".

5/ Jambo la pili kuhusu M-PESA ambalo watu wa kampeni hulisahau: iliishi ndani ya laini, haikuhitaji intaneti. Ilifanya kazi kwenye kabambe, ile simu ndogo ya tochi tunayoita mulika mwizi. Mkulima wa majani chai anayepeleka Githongo ama Rukuriri hakuhitaji kubadilisha simu ndio apokee pesa kutoka kwa mtoto aliye Nairobi. Huduma ilimfuata alipo. Weka hili akilini, tutalirudia.

6/ Mwaka 2009 milango miwili ikafunguka kwa mpigo. Kwanza, nyaya za chini ya bahari. Hadi hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mwaka huo TEAMS, ambayo serikali ya Kenya ilikuwa mbia wake, ikafika Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ikawashwa Julai. Pili, bajeti ya 2009 ikaondoa VAT kwenye simu za mkononi. Mapema 2011 simu ya Android ya Huawei, IDEOS, ilikuwa inauzwa hapa kwa takriban shilingi 8,000.

7/ Sasa tazama kilichofuata. iHub ikafunguliwa Nairobi 2010, wanaprogramu wakapata mahali pa kukaa na intaneti ya maana. Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 kuorodhesha ghasia za baada ya uchaguzi, ikawa inatumika nchi nyingine. M-Farm ikaanza kuwapa wakulima bei za soko kupitia SMS. iCow ya Su Kahumbu ikaingia 2011 na kalenda ya ng'ombe: unasajili siku ng'ombe alipopandishwa, simu inakukumbusha ya kufanya. Kwa mfugaji wa Imenti ama Manyatta mwenye ng'ombe wawili, hiyo si anasa. Na tena, iCow ilikubali kabambe.

8/ Je, mlango unaweza kufungwa? Sana. Sheria ya VAT ya 2013 ilirudisha kodi ya asilimia 16 kwenye simu. Mwaka huohuo ada za kutuma pesa kwa simu zikaanza kutozwa ushuru wa asilimia 10. Ukapanda hadi 12 mwaka 2018, halafu 15 mwaka 2023. Ushuru wa simu na data ulifika asilimia 15 mwaka 2018, ukapanda hadi 20 mwaka 2021, ukashuka hadi 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha 2024 ulitaka zote mbili ziwe 20. Mswada huo uliondolewa baada ya maandamano ya Juni.

9/ Tuwe wakweli kwa upande wa Hazina pia. Serikali inahitaji mapato, na simu ni mahali ambapo pesa inaonekana na kodi haikwepeki kirahisi. Hoja hiyo ina uzito. Shida ni pale mtu mmoja anaposimama jukwaani asubuhi kusema "nendeni mtandaoni", na jioni anapigia kura bando kuwa ghali. Hizo sera mbili haziwezi kuitwa kitu kimoja.

10/ Mlango mwingine ulifunguliwa na kampuni. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, lango la kuwaruhusu wanaprogramu kuunganisha programu zao na M-PESA. Kabla ya hapo, kijana angeweza kutengeneza programu nzuri ya kuuza maparachichi lakini akwame kwenye swali moja: mteja atalipaje? Kadi ya benki ilikuwa ya wachache. Daraja ilipunguza huo ukuta. Ona pia nguvu iliyoko hapo: kampuni moja ikibadilisha masharti ya lango, maelfu ya biashara ndogo zinabadilika nayo. Hilo ni suala la siasa ya ushindani, na halizungumzwi sana mikutanoni.

11/ Sasa tushuke Nchiru na Embu mjini. Meru University of Science and Technology ilipata hati ya chuo kikuu kamili 2013, University of Embu 2016. Hiyo ni miaka michache tu iliyopita. Mtoto wa Igembe ama Mbeere leo anaweza kusoma kompyuta kwenye kaunti yake. Na KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Kwa hivyo tukisema vijana hawana pa kujifunzia, tunadanganya kidogo. Tuangalie gharama iliyobaki.

12/ Hesabu ya anayeanza ni hii. Android Studio, chombo kikuu cha kutengeneza programu za Android, ni bure. Lakini kinataka kipakatalishi chenye angalau GB 8 za RAM, na ukiwasha simu ya majaribio ndani yake unahitaji zaidi. Kufungua akaunti ya Google Play ni dola 25, mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka. Na ukiwa na akaunti mpya ya mtu binafsi, Google inakutaka uwe na watu 12 wa kujaribu programu yako siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka hadharani. Dola 25 unaweza kuchangiwa na marafiki. Mashine ndiyo mlima.

13/ Na hapa siasa ina historia yake. Mwaka 2013 wapiga kura waliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 mradi ulikuwa umegeuka kuwa tableti zilizopelekwa shuleni. Siku hizi ahadi ni kituo cha kidijitali kila wadi. Nchi ina wadi 1,450. Meru ina 45, Embu 20. Ni wazo zuri. Lakini jengo lenye bango halina maana kama mashine zake haziwezi kuendesha Android Studio, ama kama bili ya intaneti haina mwenyewe bajeti ikiisha Juni.

14/ Kuna wanaosema: "Mbona mnalalamika? Kuna vijana wamejifunza kwa simu tu na wanalipwa kwa dola." Ni kweli, wapo, na wanastahili heshima. Lakini sera haipimwi kwa waliofaulu licha ya vizuizi. Inapimwa kwa wangapi walikwama palepale. Wengine wanasema akili unde itaandika programu yenyewe, kwa hivyo kujifunza ni kupoteza muda. Juni 2024 vijana walitumia akili unde kutengeneza vifaa vya kuwafafanulia wananchi Mswada wa Fedha. Mashine iliandika majibu, sawa. Lakini aliyejua swali la wananchi ni nani? Ni binadamu anayeishi hapa.

15/ Na hilo ndilo somo la kabambe. Mwaka 2023 serikali ilipoanza kugawa mbolea ya ruzuku kwa mfumo mpya, mkulima alisajiliwa, akapata ujumbe wa SMS, akaenda nao kwenye bohari. Haikuwa programu ya simu janja, kwa sababu wakulima wengi hawana. Angalia na miraa: ikishachumwa thamani yake ni ya siku mbili hivi, na magari yanakimbia kutoka Maua bila kusimama. Bei inapangwa kwa simu, na anayejua bei ya Nairobi ndiye mwenye nguvu. Anayeanza leo, anzia tatizo la aina hii, kwenye simu ambayo nyanya yako anayo. Jifunze SMS na USSD pamoja na Android. Mambo ya mtindo yatakupata mbele.

16/ Kizuizi kingine hakihusu pesa. Mwishoni mwa Mei 2025 mwanaprogramu mmoja alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma maoni bungeni kwa barua pepe kuhusu Mswada wa Fedha 2025. Alilala korokoroni wikendi nzima, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Juni 20 mahakama ikasema mashtaka hayo hayaonyeshi kosa lolote. Alishinda. Lakini jiulize ni wanafunzi wangapi walifuta wazo lao wiki hiyo. Huwezi kuwaita vijana kuunda programu za wananchi kisha uwatishe wakiunda.

17/ Watu hufuata mwelekeo wa teknolojia kwa kutazama simu mpya zinazozinduliwa Marekani na China. Sawa, tazama. Ila kwa Kenya kuna tarehe muhimu zaidi: Aprili 30, siku ya mwisho ya Mswada wa Fedha kufikishwa bungeni. Mei ni maoni ya wananchi. Kufikia Julai 1 unajua bei ya data, ya simu na ya kutuma pesa itakavyosogea. Mwanaprogramu asiyesoma mswada huo ni kama mkulima asiyeangalia mawingu.

18/ Kwa hivyo 2027 ikikaribia, mgombea akija sokoni Gakoromone ama Embu mjini na hii sentensi, usipige makofi wala kelele kwanza. Muulize:

a) Utapunguza gharama ipi hasa: ya simu, ya data ama ya kutuma pesa? Na pengo la mapato utaliziba na nini?
b) Kituo cha wadi yetu kitakuwa na mashine za aina gani, na nani atalipa intaneti mwaka wa tatu?
c) Kaunti itanunua programu kutoka kwa vijana wa hapa, ama zabuni zitaenda Nairobi kama kawaida?
d) Kijana akiunda programu ya kukuhoji wewe, utamlinda?

19/ Akijibu mawili kati ya manne kwa takwimu, huyo amefanya kazi yake ya nyumbani, awe wa upande wowote. Akirudia tu "kazi ziko mtandaoni", mwambie tulijua. Tunauliza njia ya kufika huko inagharimu ngapi.

Kama uko Meru, Embu ama Tharaka Nithi na unatengeneza kitu, kiweke hapo chini tukione. Na kama una swali la kuongeza kwenye orodha, andika. Uzi ujao: deni la kaunti na bili ambazo hazijalipwa.